Nanga ikishuka usiku, nani anasikia?

*Mikongo ya intaneti na nyaya za umeme zilizolala chini ya Bahari ya Hindi hukatwa zaidi na nanga na nyavu kuliko na adui. Faiba iliyomo ndani yake inaweza kugeuzwa sikio la kutupa habari mapema, ikiwa kutakuwa na mtu wa kuitika.*

Jumamosi ya Februari 25, 2012, meli moja iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa. Chini yake ulilala mkongo wa TEAMS, uliotandazwa kwa takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu na kuanza kazi mwaka 2009, Serikali ya Kenya ikiwa miongoni mwa wenye hisa. Nanga ikaunasa mkongo na kuukata. Hasara ingekuwa ndogo kama si msiba uliotangulia: siku chache nyuma, mikongo mingine mitatu ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, na mawasiliano yaliyokuwa yakipita huko yalikuwa yamehamishiwa TEAMS. Meli ile ilikata njia ya akiba. Intaneti ikazorota kuanzia Nairobi hadi Kampala na Kigali, na kazi ya kuunga ikachukua wiki kadhaa.

Tukio lile halikuwa na adui wala baruti. Lilitokea mlangoni mwa bandari kubwa, penye rada, marubani wa meli na redio, juu ya mkongo ambao njia yake inajulikana na imechorwa ramanini. Hata hivyo watu wa nchi kavu walipata habari kwa njia moja tu: mawasiliano yalikatika. Kwa kawaida mkongo ukikatika, mafundi wa kituo cha pwani hupeleka mwanga wa leza ndani ya faiba, wakapima muda wa mwanga huo kwenda na kurudi, na kwa hesabu hiyo wakajua jeraha liko kilomita ngapi kutoka ufukweni. Ni ujuzi mzuri, lakini ni ujuzi wa baada ya msiba. Nanga ikishagusa mchanga huchukua dakika kadhaa kuufikia mkongo, na mara nyingine saa kadhaa. Katika muda huo hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Miaka 12 baadaye, Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika siku moja katika maji ya kusini, upande wa Afrika Kusini. Tanzania, ambayo wakati huo iliegemea sana mikongo hiyo miwili inayotua Dar es Salaam, iliumia kuliko majirani wengi. Ubalozi wa Marekani jijini humo ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya udhaifu wa mtandao. Matengenezo yaliisubiri meli Léon Thévenin, iliyoundwa mwaka 1983, yenye makao Cape Town, ambayo hutumwa kuunga mikongo kuizunguka sehemu kubwa ya Afrika. Anayedhani kwamba mkongo ukikatika mwingine utapatikana kesho yake, na aihesabu safari ya meli hiyo.

Hoja yangu ni kwamba pwani yetu inahitaji vihisi vya kuisikia nanga kabla haijakata, na kwamba sehemu kubwa ya vihisi hivyo tayari imelala baharini, ndani ya mikongo yenyewe. Tunachokosa ni chumba chenye mtu wa zamu usiku, redio mkononi mwake, boti iliyo tayari gatini, na sheria inayompa mamlaka ya kumwambia nahodha ainue nanga sasa hivi.

> Nanga ikishagusa mchanga huchukua dakika kadhaa kuufikia mkongo. Katika muda huo hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Nanga kabla ya bomu

Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka bahari duniani hupita kwenye mikongo, wala si angani kwa setilaiti kama wengi wanavyodhani. Kamati ya Kimataifa ya Ulinzi wa Mikongo inahesabu hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, na asilimia 70 hadi 80 ya hizo husababishwa na uvuvi na nanga. Kwenye kina kirefu mkongo ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na pwani huvikwa nyaya za chuma na mara nyingi huzikwa mchangani mita moja au mbili, kwa sababu huko ndiko kwenye hatari. Lakini nanga ya meli kubwa ina uzito wa tani kadhaa. Ile iliyoopolewa kando ya bomba la gesi la Balticconnector, kati ya Ufini na Estonia, baada ya meli NewNew Polar Bear kupita hapo Oktoba 2023, ilikuwa na takriban tani sita. Koti la chuma la mkongo halishindani na mzigo kama huo unaovutwa na meli nzima.

Takwimu hizo huwafanya baadhi ya watu waseme kwamba habari za hujuma zimetiwa chumvi. Kwa pwani yetu, mpaka sasa, wana haki ya kusema hivyo. Lakini hujuma ipo duniani. Machi 2013 wanamaji wa Misri waliwakamata wapiga mbizi watatu ndani ya boti ya uvuvi nje ya Alexandria, wakiwatuhumu kuukata mkongo wa SEA-ME-WE 4. Septemba 26, 2022, milipuko iliyapasua mabomba ya gesi ya Nord Stream katika Bahari ya Baltiki. Na katikati ya ajali na hujuma kuna kiza kinachowafaa wenye nia mbaya, kwa kuwa nanga ni silaha inayokuja na udhuru wake. Nahodha atasema mnyororo ulichomoka kwa dhoruba, na huenda anasema kweli. Ndiyo maana naona mabishano ya "ajali au hujuma" yanachelewesha kazi. Anayelinda mkongo hana haja ya kuujua moyo wa nahodha. Anachotaka kujua ni kwamba kitu kizito kinaburutwa kuelekea mkongo, kiko wapi, na kinakwenda kasi gani. Chombo kinachomsikia mzembe ndicho kitakachomsikia mwovu, na suala la nia litakwenda mahakamani likiwa na ushahidi.

Vita vya wengine navyo hutufikia kwa njia hiyo hiyo. Februari 18, 2024, meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Mabaharia wakaihama, meli ikaelea ikiburuta nanga, na siku chache baadaye mikongo mitatu katika Bahari ya Shamu ikakatika, mmojawapo ukiwa SEACOM, ambao unatua Mombasa na Dar es Salaam. Yaelekea nanga ile ndiyo iliyoikata. Machi 2 meli ikazama. Aliyerusha kombora aliilenga meli, na mtu aliyepotelewa na mtandao alikuwa maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Giza la Unguja

Mkongo wa intaneti ndio unaotangulia kutajwa, lakini kwa mtu wa visiwani waya wa umeme ni mzito zaidi. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya mlango bahari wa Zanzibar, na wa kwanza ulitandazwa mwaka 1980. Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 kikaingia gizani tena, na hali haikutengemaa hadi Machi 2010. Hakuna aliyekuwa ameikata njia ile. Mitambo yenyewe iliharibika. Lakini miezi ile ilionyesha gharama ya kutegemea waya mmoja: pampu za maji zilisimama, wenye uwezo wakaishi kwa jenereta, wasio nao wakachota maji na kusoma kwa kibatari. Baadaye Marekani iligharimia waya mpya wa kilovolti 132, wenye uwezo wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Pemba nayo ikaunganishwa na upande wa Tanga mwaka 2010.

Juu ya nyaya hizo, usiku na mchana, hupita boti za abiria za Azam na wenzao, majahazi, mashua za wavuvi na meli za mizigo. Ongeza bomba la gesi la Songo Songo, ambalo tangu mwaka 2004 hupita baharini kabla ya kushika nchi kavu kuelekea mitambo ya umeme ya Dar es Salaam. Ongeza boya la kushushia mafuta nje ya Mjimwema, Kigamboni, na gati la Chongoleani, Tanga, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Waya wa umeme wa baharini ukikatika hauungwi kwa wiki moja. Estlink 2, waya wa megawati 650 kati ya Ufini na Estonia, uliharibiwa siku ya Krismasi 2024 na ukarudi kazini Juni 2025. Ufini na Estonia zina fedha na meli za kazi hiyo ziko jirani. Tujiulize sisi tungengoja muda gani.

Kioo kinachosikia

Faiba ni unywele wa kioo. Hata kikiwa kisafi kiasi gani, kioo hicho kina vidoa vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kila mwanga wa leza unapopita, chembe yake ndogo hugonga vidoa hivyo na kurudi ulikotoka. Ndani ya faiba mwanga huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ule unaorudi kutoka kilomita 50 hufika baada ya nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa kupima muda, mtambo unajua kila mwangwi umetoka wapi. Sasa, mtikisiko wowote chini ya bahari, kama vile injini ya meli, nanga iliyogonga mwamba au mnyororo unaokokotwa mchangani, huinyoosha faiba kwa kiasi kidogo mno, na mwangwi wa sehemu hiyo hubadilika. Mtambo ukirusha mwanga mara mamia kwa sekunde na kulinganisha mwangwi kwa mwangwi, waya uliotengenezwa kupitisha sauti za watu huanza kusikia sauti za bahari. Hakuna kipya kinachozamishwa. Sanduku moja la vifaa huwekwa kwenye kituo cha pwani, mwisho wa faiba.

Haya yamekwisha kufanyika. Mwaka 2020 watafiti wa Norwei waliwasikiliza nyangumi kwa kutumia faiba ya kawaida ya mawasiliano katika visiwa vya Svalbard. Mwaka huo huo mkongo wa Curie wa Google, unaotoka Los Angeles hadi Valparaíso nchini Chile, ulipokea mitikisiko ya tetemeko la ardhi la Oaxaca, Meksiko, kupitia mabadiliko ya mwanga uliokuwa ukibeba data za kawaida. Chombo kinachomsikia nyangumi na tetemeko hakishindwi na chuma cha tani sita kinachoburuzwa juu yake.

Kuna mpaka wake, na mpaka huo ndio unaonipa imani kwa pwani yetu. Usikivu wa namna hii hufika takriban kilomita 100 kutoka kituo, mara nyingi pungufu, kwa sababu mikongo ya masafa marefu ina vikuza mwanga njiani, na vikuza hivyo huuzuia mwangwi kurudi. Mbele ya hapo ziko mbinu nyingine ambazo bado zinaendelea kukomazwa. Kwa nchi zenye bahari ya kina kifupi kwa mamia ya kilomita, kama zile za Baltiki, kilomita 100 hazitoshi. Bahari ya Afrika Mashariki ina umbile jingine. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina ukanda mwembamba wa maji ya kina kifupi, kisha sakafu huporomoka ghafla kuingia kwenye vilindi ambako nanga ya kawaida haifiki. Hata kati ya Pemba na bara, maji huzama mamia ya mita. Mlango bahari wa Zanzibar ndio wenye kina kifupi kuanzia ukingo hadi ukingo, na upana wake uko ndani ya uwezo wa mtambo mmoja. Kwa maneno mengine, eneo ambalo nanga na nyavu za kukokota zinaweza kuumiza mkongo wetu karibu lote liko ndani ya masafa ya sikio linaloweza kuwekwa ufukweni. Bahari imetusaidia, na sioni ni kwa nini tuukatae msaada huo.

> Eneo ambalo nanga inaweza kuumiza mkongo wetu karibu lote liko ndani ya masafa ya sikio linaloweza kuwekwa ufukweni.

Sikio hilo halifanyi kazi peke yake. Faiba husikia kishindo bila kujua jina la aliyekifanya. Jina hutoka kwenye mtambo wa utambulisho, AIS, ambao mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli unaulazimu kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi. Meli inayouzima mtambo huo huonekana kwa rada ya pwani au picha za setilaiti. Ukiunganisha hivyo vitatu, mtu wa zamu huona meli fulani imepunguza mwendo, imesogea kwenye mstari wa mkongo, na chini yake kitu kinakwaruza. Akiwekewa ukanda wa tahadhari wa kilomita mbili kila upande wa mkongo, meli inayosukumwa na upepo kwa fundo mbili, yaani karibu kilomita nne kwa saa, humpa takriban nusu saa. Nusu saa inatosha kuita kwenye redio. Ikiwa boti imekaa karibu, inatosha hata kufika.

Baltiki na mipaka ya kusikia

Nchi za Baltiki zimelipa ada ya somo hili, nasi twaweza kulisoma bila kulipa tena. Milipuko ya Nord Stream ilinaswa na vituo vya matetemeko vya Uswidi na Denmark. Saa zilijulikana, mahali pakajulikana, na mabomba yakabaki yamepasuka. Vihisi vilivyonasa havikuwa na mtu wa kumwita. Novemba 2024 mikongo miwili ikakatika katika bahari hiyo, na meli Yi Peng 3 ya China ikakaa imetia nanga katika maji ya kimataifa kati ya Denmark na Uswidi kwa takriban mwezi mmoja huku wanadiplomasia wakijadiliana, kisha ikaondoka zake.

Siku ya Krismasi mwaka huo mambo yalikwenda tofauti. Umeme wa Estlink 2 ulipokatika, na mikongo ya mawasiliano ikafuatia, Wafini waliilinganisha hitilafu hiyo na mienendo ya meli zilizokuwa juu yake, wakaitambua Eagle S, meli ya mafuta yenye bendera ya Visiwa vya Cook, wakaiagiza iingie katika maji yao, na maofisa wakashuka juu yake kwa helikopta. Nanga yake moja haikuwapo. Chini ya bahari ulionekana mchirizi wa karibu kilomita 100. Tuupime mchirizi huo kwa muda: hata kwa mwendo wa fundo kumi, kilomita 100 ni saa tano za nanga kulima sakafu ya bahari. Wafini walistahili sifa kwa wepesi wao, lakini walianza kutafuta baada ya waya wa kwanza kukatika. Mtambo wa kusikiliza ungeweza kuwaamsha mapema, na mikongo iliyofuata huenda ingepona. Mwezi uliofuata NATO ilianzisha doria ya Baltic Sentry, ikichanganya manowari, ndege na droni za baharini.

Kisha likaja pigo la kisheria. Oktoba 2025 Mahakama ya Wilaya ya Helsinki iliitupa kesi ya nahodha na maofisa wawili wa Eagle S kwa kukosa mamlaka, kwa kuwa uharibifu ulitokea nje ya maji ya Ufini. Ushahidi ulikuwepo na meli ilikuwepo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu cha 113, unaitaka kila nchi itunge sheria ya kuwaadhibu walio chini ya bendera yake au mamlaka yake wanaokata mikongo katika bahari kuu. Ukiachia adhabu nchi ya bendera, na bendera ikawa ya kukodi, unajua itakavyokwisha.

Liko tukio la Norwei ambalo wauzaji wa mitambo ya usalama hawapendi kulitaja. Mwaka 2021 iligundulika kwamba zaidi ya kilomita nne za waya wa kituo cha uchunguzi wa bahari nje ya Vesterålen zimekatwa na kupotea. Waya ule wenyewe ulikuwa wa vihisi, umewekwa usikilize bahari. Ulisikia mpaka ulipokatwa, na hakuna aliyefika kwa wakati.

Wapinzani wana sehemu ya haki

Pingamizi la kwanza ni kwamba mikongo ya Mei 2024 ilikatikia mbali, na kihisi cha Dar es Salaam kisingesikia kitu. Ni kweli tupu. Wala kihisi hakizuii maporomoko ya chini ya bahari, ambayo yanashukiwa kuikata mikongo minne karibu na Abidjan Machi 14, 2024. Lakini mkongo ni mali ya pamoja kama kisima cha mtaa, na kila nchi unapotua ina kipande cha kulinda. EASSy unatua katika nchi kadhaa kuanzia Afrika Kusini hadi Sudan. Tanzania haiwezi kuiomba Afrika Kusini au Msumbiji isikilize upande wake ikiwa yenyewe haisikilizi wake. Na nanga ya Mombasa mwaka 2012 ilishuka mlangoni petu, si kwa jirani.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: fedha za vihisi zingenunua njia nyingi zaidi. Mkongo wa 2Africa, wenye kilomita 45,000, umeletwa Mombasa na Dar es Salaam. PEACE uko Mombasa. Setilaiti za mzunguko wa chini zimeingia sokoni Kenya tangu mwaka 2023. Nakubali kwamba wingi wa njia ndio kinga ya kwanza, na serikali ikilazimika kuchagua kimoja, ichague njia. Ila wingi hudanganya pale njia zote zinapopita kwenye vichochoro vilevile. Mikongo inayotuunganisha na Ulaya kwa upande wa kaskazini hubanana katika Bahari ya Shamu, na pwani hutua karibukaribu kwa sababu ndiko walipo wateja. Mwaka 2012 njia ya akiba ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi, ikakatwa yenyewe. Kwa waya wa umeme wa Unguja hakuna setilaiti ya kuusaidia.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni la nani anasikiliza. Faiba inayosikia nanga husikia pia manowari, boti za doria na mashua ya mvuvi aliyetoka usiku. Ikipita mjini kabla ya kufika ufukweni, husikia magari na hatua za watu juu yake. Mikongo mingi ni ya kampuni na ubia wa kimataifa, na mitambo ya kusikiliza itatoka nchi chache zenye ushindani mkali wao kwa wao. Tukikabidhi kila kitu kwa muuzaji, tutakuwa tumeiuza ramani ya sauti za bahari yetu kwa bei ya sanduku moja. Hofu hii haifutiki kwa maneno matamu, lakini inatibika. Leseni ya kutua mkongo hutolewa na serikali, na serikali inaweza kuweka sharti kwamba usikivu uanze ufukweni kuelekea baharini tu, kwamba data ghafi ibaki nchini na kufutwa baada ya muda uliotajwa, na kwamba kinachotoka nje ya chumba cha zamu kiwe ni tahadhari peke yake. Bunge lijue mkataba umesemaje kabla haujatiwa saini. Tusipoyaandika haya mapema, kampuni zitaweka mitambo hiyo kwa faida yao, na sisi tutakuja kujua baadaye kabisa.

Kuhusu kengele za uongo, mafundi wana jibu la kutosha: kila bahari ina sauti zake, na mtambo hufunzwa kuzijua. Msimu wa kusi, mawimbi yanapokuwa makubwa, kengele zitazidi. Wakati wa kaskazi zitapungua.

Nani ashike redio

Hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Kenya iliunda Huduma ya Walinzi wa Pwani mwaka 2018. Tanzania ina jeshi la wanamaji, polisi wa majini, mamlaka ya bandari, TASAC inayosimamia meli na TCRA inayosimamia mawasiliano. Zanzibar ina KMKM, kikosi chake cha kuzuia magendo, na mamlaka yake ya usafiri baharini. Kila mmoja ana kipande. Kituo cha mkongo kikipata tahadhari saa nane usiku, mhandisi wa zamu ampigie nani? Akimpigia ofisa wa bandari, je, huyo ana amri juu ya meli iliyo nje ya maji ya bandari? Na boti ikitakiwa, mafuta yake yamewekwa? Maswali haya hayahitaji leza kuyajibu, na yasipojibiwa leza haina faida.

Vyombo vya kuanzia vipo. Chini ya Kanuni za Djibouti za mwaka 2009, zilizotungwa kupambana na maharamia, Mombasa na Dar es Salaam zilipewa vituo vya kupashana habari. Madagaska ina kituo cha kuunganisha taarifa za bahari cha kanda, na Shelisheli kile cha kuratibu operesheni. Marekebisho ya Jeddah ya mwaka 2017 yalipanua kanuni zile zivuke uharamia na kugusa uhalifu mwingine wa baharini. Uzoefu wa kumwita nahodha asiyekujua na kumtaka ajieleze tulishaupata katika miaka ya maharamia wa Somalia. Uzoefu huo haujaelekezwa chini ya maji.

Na wavuvi waingizwe tangu mwanzo, kabla ya askari. Mvuvi wa Fumba, Kizimkazi au Shimoni anaijua sakafu ya bahari yake kuliko ramani yoyote. Mara nyingi mkongo humfikia kama katazo tu: usivue hapa. Wachache humwambia kwamba kifungu cha 115 cha mkataba ule wa 1982 kinampa haki: mwenye chombo akithibitisha kwamba aliiacha nanga yake au nyavu zake ili asiumize mkongo, na kwamba alikuwa amechukua tahadhari zipasazo, mwenye mkongo anapaswa kumlipa fidia. Mvuvi anayejua kwamba nyavu zake zitalipwa atazikata. Asiyejua atavuta kwa nguvu zote, kwa kuwa nyavu ndizo ada ya shule ya wanawe. Kampuni za mikongo zinaweza kuianza kazi hii wiki ijayo, kupitia vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilivyopo madikoni, bila kusubiri mtambo wowote.

Mitambo ikishafungwa, lipo jaribio moja ambalo wizara husika zinaweza kulifanya bila kutangaza. Usiku mmoja usio na mwezi, tishari la serikali litie nanga ndani ya ukanda wa tahadhari, mahali pasipoweza kudhuru kitu, na liiburute taratibu. Ndani yake awemo mkaguzi mwenye saa mkononi, akiwa amefungua chaneli 16 ya redio. Ahesabu dakika mpaka sauti ya mtu wa zamu itakapolitaja tishari hilo kwa jina na kuliamuru lisimame, kisha dakika mpaka taa za boti ya doria zitakapoonekana. Aandike namba hizo mbili, na zisomwe bungeni.